Simu Ndani ya Kitenge

Walinikabidhi simu iliyovishwa kitenge kama mtoto mchanga, na kanisa zima likasimama. Ilikuwa bado na joto la mfuko wa mwenyewe. Niliipokea kwa mikono miwili, kiganja kimoja upande wa kichwa na kingine upande wa miguu, maana mikono ya mwanamke hujipanga yenyewe hata akipewa boga. Kina mama wa safu ya mbele wakapiga vigelegele. Mwalimu Juvénal, kiongozi wa kwaya yetu, akanisogezea bakuli la maji, na papo hapo Damien, mwenye simu, akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Maji hapana, mama! Tafadhali! Hiyo ni simu!"

Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Mwalimu Juvénal akachovya ncha ya kidole kimoja, akakikung'uta, akagusa ukingo wa kitenge, mbali kabisa na simu. Kisha akakohoa, na kwa ile lafudhi yake ya Kirundi inayopanda ngazi polepole akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa amelijia.

"Mama wa ubatizo, mtoto huyu anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Miaka imepita sasa, na ukimya ule bado unanichekesha nikiwa peke yangu. Wakati ule haukuwa wa kuchekesha. Ulikuwa kama kusimama na mkasi juu ya kitambaa cha mtu.

Kwa asiyejua, sisi watu wa Kongo ya mashariki kwaya ikimaliza kurekodi haiuzi nyimbo zake hivi hivi kama nyanya. Albamu hubatizwa. Kisahani cha nyimbo hufungwa katika kitambaa kipya, huteuliwa mama wa ubatizo, naye hukinyunyizia maji, hukiinua mbele ya watu na kukipa jina. Kabla ya jina, mtoto ni wake. Hakuna mkono mwingine unaomgusa, hata wa mchungaji. Jambo hilo halimo katika Biblia. Ni desturi yetu tu. Lakini desturi ikikaa sana kanisani huvaa koti la Maandiko, na watu husahau kwamba koti ni la kuazima.

Mwaka huo, elfu mbili na kumi na saba, walinichagua mimi. Sababu walizotaja ni umri wangu, ujane wangu na saumu zangu za Ijumaa. Mimi nadhani ni kwa sababu nilishona sare za kwaya, na mtu aliyekupima kiuno huna budi kumheshimu.

Ila kisahani hakikuwapo. Mwalimu Juvénal alitueleza kwamba visahani vimekufa, nani bado ana mashine ya kuvipigia? Siku hizi nyimbo zinauzwa ndani ya simu. Albamu yetu ingekaa katika duka la Damien, na kwa kuwa ilikuwa ndani ya simu yake, basi tutaifunga simu hiyo kitenge na mambo yaende.

Duka lenyewe liliitwa Kinanda. Kabla sijalisema Kinanda, niseme habari za Pitchou.

Cherehani yangu ilikaa Mtaa wa Kotze, Hillbrow, mjini Johannesburg, chini ya ghorofa ambayo nguo zinazoanikwa madirishani hudondosha maji hata siku ya jua. Kushoto kwangu palikuwa na meza ya Pitchou, mtu wa Lubumbashi, mwembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano. Kazi yake ilikuwa kutia nyimbo katika simu za watu. Alikuwa na kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni na nyaya nyingi kama matumbo ya mbuzi, na humo ndani zilikaa kwaya zote na bendi zote, kuanzia kwetu hadi kwa Wazulu. Unampa simu, iwe ya kugusa, iwe ya kubonyeza, iwe imefungwa kwa mpira wa nywele ili betri isidondoke. Unamwambia, "Nitilie za matanga na za harusi." Kabla sijamaliza pindo moja, umekwisha ondoka.

Kinanda lilikuwa kinyume chake. Damien alizaliwa Bukavu akakulia hapa Johannesburg, akasomea mambo ya kompyuta, akafungua ofisi Marshalltown pamoja na mwenzake aitwaye Gaston. Kijana mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Duka lake uliliingia kwa simu, ukanunua wimbo, ukausikiliza humo humo. Wimbo hautoki. Huwezi kumtumia jirani, huwezi kuuweka kwenye kadi ya memori, na ukibadilisha simu unaanza kuomba upya kama mtu aliyepoteza pasi ya kusafiria.

Tena lilichagua simu. Kinanda lilipenda simu za aina moja, na zile za aina nyingine ziliingia katika duka la washindani wake, Zumari, nalo lilikuwa na wivu vilevile. Kwaya ya Warundi waliosali ghorofa ya juu ya kanisa letu ilikwisha jifunga na Zumari. Hivyo katika jengo moja mwenye simu hii alisikia kwaya ya juu, na mwenye simu ile angesikia ya chini. Mama Victorine, shemasi wetu, alikuwa na Kinanda, na mumewe alikuwa na Zumari. Wakitaka kusali pamoja asubuhi ilibidi waimbe wenyewe.

Siku moja Damien alikuja kubandika tangazo la Kinanda kwenye nguzo ya taa, mbele kabisa ya meza ya Pitchou. Pitchou alimtazama akibandika, akamtazama akilainisha kona zote nne, kisha akasema:

"Imekaa vizuri. Itanikinga jua."

"Wewe endelea kuiba nyimbo za watu," Damien akajibu.

"Nani anaiba? Mimi niko redio ya watu wasio na redio. Wewe uko jela ya nyimbo. Wimbo unaingia kwako, hata kutembelewa na ndugu hautembelewi."

"Jela? Watunzi wanakufa maskini kwa ajili ya meza hii. Muulize Mama Benita hapa, marehemu mumewe alipata nini kwako."

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Pitchou akainama, akaanza kunyoosha waya uliokuwa umenyooka tayari. Damien naye aliona amekanyaga mahali pa watu, akaniomba radhi kwa macho.

Maana alisema kweli. Mume wangu Ezéchiel alitunga nyimbo ambazo takisi zote za Hillbrow ziliziimba, na hazikumletea hata jozi ya viatu. Alikuwa mlinzi wa lango la jengo moja mjini. Kukaa kwenye lango, aliniambia, ni kazi ya kusubiri, na mtu akisubiri bila kuimba ataanza kulaani. Alitunga bila kuandika, akija nyumbani ananiimbia mimi na binti yetu Benita mezani, na tukitikisa kichwa anajua wimbo umekubalika. Mapafu yalimchukua mwaka elfu mbili na kumi na nne. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa huu wa "Nifunike, Bwana, nifunike, mvua ipite kwanza." Hakuwahi kuurekodi. Kwaya ilijifunza kwangu, na mimi nilijifunza mezani.

Sasa, mama yake Ezéchiel alikuwa hai, na yuko Lulimba, kule Fizi, mahali ambapo mtandao huja kama mgeni na kuondoka bila kuaga. Vita vilimtenga na mwanawe Ezéchiel akiwa kijana wa ndevu mbili tatu, na hakumwona tena. Hakumzika. Nilipompigia kumwambia kwamba kwaya imerekodi wimbo wa mwisho wa mwanawe, nilimsikia akifukuza kuku. Kisha akasema, "Basi niletee nisikie, mwanangu. Sitaki kitu kingine."

Hakuomba nauli wala dawa, aliomba wimbo tu. Nikamwambia ndiyo, utausikia. Nilisema kwa wepesi, kwa kuwa maisha yangu yote nilikaa kando ya Pitchou, na sikujua kwamba kuna wimbo usioweza kusafiri.

Nilikwenda Marshalltown kumwona Damien. Alinipikia chai yeye mwenyewe, akaweka sukari nyingi kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Simu ya mama mkwe ni ya aina gani?" akauliza.

"Ya kubonyeza. Ina tochi kichwani, na mahali pa memori."

Akatabasamu kwa huruma. "Kinanda haliwezi kuingia humo, mama."

"Na ya jirani yake?"

"Jirani yake ana simu gani?"

"Kama yake, lakini haina tochi."

Alieleza polepole, nami nilisikiliza. Yeye na Gaston ndio waliolipia studio. Nyimbo zote ziko kwao. Hata waimbaji hawana nakala. Kwaya imekubali kwamba zitakaa Kinanda tu, na Gaston ni mtu mgumu. "Ukifungua tundu moja, mama, maji yote yanatoka. Nikikupa wewe, kesho wimbo uko kwa Pitchou, na keshokutwa hakuna anayeingia dukani."

"Mama ana miaka themanini na kitu, mwanangu."

"Labda mwaka ujao tutatengeneza kitu cha simu ndogo."

Sikubishana. Hakuwa mtu mbaya, na watunzi kufa maskini nimekuona kwa macho yangu. Nilimshukuru kwa chai.

Pitchou aliponiona nimerudi na uso uleule niliokwenda nao, alielewa. "Mama Benita," akasema kwa sauti ya chini, "Mama Victorine akishaununua, aniazime simu saa moja tu. Naweka spika hapa, nadaka wimbo hapa. Bibi atasikia, hakuna atakayejua."

"Mungu atajua."

"Mungu mwenyewe si anasikia bure?"

Nilicheka, nikakataa. Mama aliyenyimwa kuzika mwanawe, nimtumie wimbo wa mwana huyo ukiwa mali ya wizi? Nitasemaje nikipiga magoti? Niliomba kwa siku kadhaa, na kama kawaida yake Bwana hakusema neno, ila aliacha niendelee kushona.

Hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya kanisa na simu mikononi. Jina walikwisha nipa wenyewe, wamekaa kikao wakalichagua: "Nuru ya Ushindi." Lilikuwa jina zuri, lisilomdhuru mtu. Nilikuwa nalo ulimini. Nilifungua kinywa kulisema, nikatazama kile kifurushi kilivyotulia katika mkono wangu, na jina likarudi ndani.

"Mama?" Mwalimu Juvénal akanong'ona. "Nuru ya..."

"Najua," nikamjibu. Kisha nikawageukia watu. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Kwetu Lulimba mtoto haitwi jina kabla bibi yake hajamwona. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo!" wakajibu watu wa Fizi, na wasio wa Fizi wakaitikia pia, kwa kuwa kuitikia ni kutamu.

"Humu ndani mna wimbo wa marehemu mume wangu. Bibi wa mtoto huyu yuko hai. Lakini duka alimofungiwa mtoto halimruhusu kutoka kwenda kumsalimu. Sasa mimi sina ugomvi na mtu. Nitambeba tu. Siku bibi yake akimsikia, siku hiyo nitasema jina."

Nikakaa kwenye kiti changu, na simu ya Damien mapajani.

Halafu Mama Victorine akaanza kucheka, akicheka kwa tumbo, na kanisa likamfuata. Damien peke yake ndiye aliyeelewa upesi shida ilipo: duka lake haliwezi kupokea albamu isiyo na jina, na simu yake haiwezi kuguswa na mkono mwingine hadi jina litajwe. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono mitupu, kama mtu aliyeteremka takisi akakumbuka mzigo.

Mwalimu Juvénal, mwenye hekima, akatangaza chakula.

Tulikuwa na bugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwetu. Mimi nililetewa sahani, nikala kwa mkono mmoja. Nilikuwa sijamaliza tonge la pili simu ilipoanza kulia ndani ya kitenge.

"Mtoto analia!" mtu akapaza sauti.

"Mpe ziwa!" akajibu Mama Victorine.

Nikafunua pembe ya kitambaa. Damien, akichungulia kwa mbali, akasema kwa unyonge, "Ni mama yangu. Huwa ananipigia kila Jumapili."

Nikapokea. "Bwana asifiwe, mama. Mwanao hajambo. Yuko hapa kanisani, tunasubiri jina." Yule mama akasema aksanti sana, akauliza kama amekula. Nikamwambia atakula sasa hivi, nikafunika pembe.

Ndipo Damien akaja akachuchumaa kando ya kiti changu, sahani yake mkononi.

"Mama Benita, utaniharibia kazi."

"Sitaki kukuharibia, mwanangu. Kula kwanza."

"Nilikueleza. Nikifungua tundu moja..."

"Mimi nashona," nikamwambia. "Kila nguo ina tundu la kichwa. Usipoliacha, hiyo si nguo, ni gunia. Lakini kwa sababu ya tundu hilo hakuna aliyewahi kuniambia nguo yote imemwagika."

Alitaka kujibu, akacheka, akakasirika kwamba amecheka. "Hiyo Gaston haielewi. Gaston hajavaa gauni."

"Mpigie umwambie."

"Simu yangu umeibeba wewe!"

"Basi sogea."

Wakati ule ule, mlangoni, alikuwa amesimama Fiacre, kiongozi wa kwaya ya ghorofa ya juu, aliyeshushwa na harufu ya ndagala. Mdomo umejaa, akapaza sauti: "Mama, njooni kwetu Zumari! Zumari hawana shida na mabibi!" Uongo mtupu, na jengo zima lilijua, wao wenyewe walikuwa wamefungwa kwa kamba ileile. Lakini nilimwona Damien sikio likimsimama.

Akapiga magoti. Nilifunua kitenge kidogo, nikabonyeza aliponionyesha, naye akaweka shavu karibu na mapaja yangu, akaanza kusema na mwenzake kwa Kiingereza. Kanisa zima liliacha kutafuna. Kiingereza changu ni cha kuuzia nguo, lakini neno bibi nililisikia mara nyingi, na neno tafadhali. Gaston aliuliza mbona sauti inatoka kama chini ya blanketi. Damien akajibu kwamba ni kweli, iko chini ya blanketi.

Baadaye alinitafsiria alichosema mwishoni. Alisema: "Gaston, mama wa ubatizo amekamata simu yangu, watu wote wanatazama, na mlangoni kuna mtu anawaita waende Zumari. Ni wimbo mmoja. Watu wakiupenda watakuja kutafuta ndugu zake. Wasipoupenda, tumepoteza nini?"

Kisha simu ikasema kitu kifupi kutoka mapajani mwangu, na Damien akafumba macho.

"Amekubali," akasema. "Wimbo wa marehemu utakuwa wazi. Simu yoyote, memori yoyote, mkono wowote. Zile nyingine zinabaki Kinanda." Akainuka, magoti yake meupe kwa vumbi la sakafu, akanyoosha kidole kwenye kona ya nyuma. "Lakini yule aape!"

Pitchou hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja kwa ajili ya sombe. Aliposhtukia watu wote wamemgeukia, akaweka chini tonge lake, akainua mkono. "Naapa. Huo mmoja tu. Zile zingine zikionekana mezani kwangu, kompyuta yangu ife, na mimi nirudi Lubumbashi kwa miguu."

"Eish, ameapa kweli," Mama Victorine akasema.

Nikafungua kitenge. Nilimrudishia Damien simu yake kwa mikono miwili, nikamwambia namruhusu kumpokea, ila jina bado, hadi bibi asikie. Alishachoka kubishana nami. Jioni ile ile aliiweka albamu dukani, na mahali pa jina akaandika: "Bado."

Kesho yake Pitchou alitia wimbo kwenye memori ndogo, akaikagua mara nyingi kuliko kawaida yake. Nilikuwa nimeshona gauni la kitenge kwa ajili ya mama mkwe. Nikaifunga memori katika kipande cha nailoni, nikaishonea ndani ya pindo la chini, nikampa Mzee Ignace, aliyekuwa anarudi Uvira, njia ya Fizi, kumwoza binti yake. Nikamwagiza: wakilipokea, wafumue pindo.

Kisha tukasubiri. Wakati tunasubiri, wimbo haukusubiri. Nilikutana nao saluni, nilikutana nao katika takisi ya Mzulu asiyejua neno lake hata moja. Mama Victorine na mumewe sasa walikuwa na wimbo wa pamoja asubuhi. Nilikwenda Mayfair kununua uzi, nikamkuta Khatibu, Mtanzania muuza vifungo, Mwislamu wa kuswali swala zote tano, akiuvumisha puani huku ananihesabia.

"Huo ni wa kanisani, Khatibu."

"Mvua haichagui paa, mama," akanijibu, akaendelea.

Watu wengine waliingia Kinanda kutafuta hiyo albamu iitwayo Bado. Wengine waliridhika na wimbo wa bure, wakaishia hapo. Damien hakunionyesha hesabu, nami sikumwuliza. Ila siku moja alipita mtaani kwetu, akasimama mezani kwa Pitchou muda mrefu, na nilipotupa jicho nikaona Pitchou anamwonyesha jinsi watu wa simu ndogo wanavyohifadhi nyimbo. Tangazo la Kinanda lilikuwa bado kwenye nguzo. Kweli lilikinga jua.

Simu ya Lulimba ilikuja mchana, nikiwa katikati ya mkono wa gauni.

"Mama Benita?"

"Mama! Bwana asifiwe!"

"Amina. Gauni limefika. Umenishonea pana, unafikiri bado ninayo yale makalio?"

"Utalipunguza, mama. Na pindo?"

"Tumefumua. Kile kidude tumekitia, na simu inaimba. Majirani wako hapa wamejaa." Akashusha sauti. "Lakini kuna mmoja humu anaimba mambo ya kiuno. Huyo ni wa kwaya gani?"

Nikageuka kumtazama Pitchou. Ghafla alikuwa na kazi nyingi sana. Alikiri baadaye: aliona memori ina nafasi kubwa imebaki, na kwake kumtumia bibi memori nusu tupu ni uchoyo.

"Huyo ni wa kwaya ya jirani, mama. Na wimbo wa Ezéchiel? Umeusikia?"

Kule upande wa pili nikasikia kuku, nikasikia mtoto anakatazwa kitu, nikasikia pumzi yake.

"Nimeusikia. Mnaimba haraka. Mnakimbilia wapi?"

"Nitamwambia Mwalimu Juvénal."

"Mwambie. Halafu huo si wa Ezéchiel."

"Mama?"

"Huo ni wangu. Nilikuwa namwimbia nikitwanga mihogo, yeye yuko mgongoni, mvua inapiga. Nifunike, nifunike. Yeye amemwingiza Bwana humo ndani, basi." Akacheka, na kile kicheko kilikuwa cha mume wangu, kimezeeka tu. "Kumbe alikuwa anasikiliza, mtoto yule. Nilidhani amelala."

Nikamfikiria Damien aliyepiga magoti, Gaston chini ya blanketi lake, na Pitchou na kiapo chake. Wote tuligombania ufunguo, na mwenye nyumba alikuwa Lulimba anatwanga.

"Basi utusamehe, mama. Hatukukuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini tena? Na mimi nilipewa na mama yangu."

"Na mtoto tumwite nani? Huku wote wananingoja mimi, nami nakungoja wewe."

"Jina mtaliuliza wimbo ukiisha. Mmeacha ubeti wa mwisho."

"Hatuujui, mama. Ezéchiel hakutuimbia."

"Alikuwa anasinzia kabla sijaufikia. Haya, sikiliza."

Akaanza, polepole, kwa Kibembe, lugha yetu ya Fizi, chini kabisa, mahali ambapo sauti na pumzi ni kitu kimoja. Pitchou akaniinulia waya kutoka mezani kwake, akiuliza kwa nyusi: niurekodi? Nikamkatalia kwa kichwa: huu nitajifunza kwa sikio, kama nilivyojifunza mezani. Takisi zilikuwa zinapigiana honi kwenye roboti, zile taa za barabarani. Niliondoa mguu kwenye pedali, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikasikiliza.